Chachu ya Athumani

Katika mazishi ya Daktari Neema, mwezi uliopita, Athumani aliwekwa safu ya mbele pamoja na watoto wa marehemu, na mimi nikakaa nyuma kwenye viti vya plastiki, ukingoni mwa turubai, mahali ambapo jua lilinifikia magotini. Hakuna aliyekosea. Yeye ni profesa, alikuwa ametoka mbali, na hotuba yake ilikuwa kwenye ratiba. Mimi nafunga na kutengeneza machujio ya maji hapa Kisauni, na msibani, pale Frere Town, nilifika kwa miguu. Hata hivyo, nilipomwona binti wa marehemu akimwegemea Athumani begani ili alie, nilitambua kwamba wivu wangu kwa mtu huyu una umri mkubwa kuliko watoto wangu wote. Nimeona afadhali niuandike. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani, kwa sababu hayo hayamsaidii msomaji kuuelewa. Wivu huu ulizaliwa ndani ya chumba kimoja, katika mwaka mmoja, na chumba chenyewe nakikumbuka vizuri.

Kilikuwa chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya Daktari, ambacho zamani kilikuwa jiko. Ukuta mmoja ulikuwa bado mweusi kwa moshi, na Daktari alikataa upakwe chokaa, kwa kuwa weusi ule ulimwonyesha hali ya supu zetu za kukuzia bakteria vizuri kuliko taa. Ukiinua chupa mbele ya ukuta ule, supu iliyojaa bakteria ilionekana kama maji ya mchele, na supu tupu ilikuwa kama haipo. Mlikuwa na meza mbili za mbao, taa ya spiriti, presha kubwa ya kupikia maharagwe tuliyoitumia kuchemshia vyombo ili kuua kila kilicho hai, na pampu ndogo ya kupuliza hewa ya wale wafugao samaki wa mapambo. Pembeni yalikaa magunia ya vumbi la makumbi ya nazi. Kazi yetu ilikuwa kukuza bakteria. Kwenye mizizi ya kunde kuna vinundu vidogo. Ukipasua kimoja ukakuta ndani rangi ya waridi, basi humo mna bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Udongo wetu wa mchanga huwa nao wachache, au wavivu. Daktari, ambaye alifundisha elimu ya udongo katika chuo kimoja huko bara mpaka alipostaafu, alitaka kuwakuza walio hodari, kuwachanganya na vumbi la makumbi, na kuwapa wakulima wa Likoni na Mtongwe wapakae mbegu zao kabla ya masika. Alituchukua vijana wawili tuliomaliza sekondari bila pa kwenda, na tangu mwanzo hakutuficha kitu: chuo chake cha zamani kilikuwa kimempa nafasi ya mwanafunzi mmoja, masomo na malazi juu yao, na mwaka ukiisha angemtaja mmoja wetu.

Mimi nilifika kabla Mama Dama, mpishi wake, hajawasha jiko. Athumani alitoka Likoni na kila siku alichelewa. Nilikuwa nimeshaosha, nimeshachemsha, nimeshafungia chupa pamba, ndipo namsikia uani.

"Shikamoo, Daktari. Leo kivuko kimetuzungusha, wallahi nilidhani tunapelekwa Pemba."

"Marahaba. Kivuko hakikuanza leo, Athumani."

"Ndiyo maana nakihurumia. Kimezeeka kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

Na Daktari alicheka. Mwanamke yule, ambaye mbele yangu alizungumza kama anayesoma maelezo kwenye pakiti ya dawa, alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Kisha Athumani aliingia chumbani akaniona nimeinamia beseni. "Yakhe Chengo, hiyo chupa ukiisugua tena itakutajia jina la mamako." Niliendelea kusugua. Niliamini kwamba kazi itajibu.

Mchana tulikula pamoja kibarazani, sote wanne, wali wa nazi na kunde zile zile za bustanini tulizozijaribia mbolea yetu. Nazikumbuka ladha zake kuliko nyuso za wengi nilioonana nao baadaye. Mama Dama alikuwa mwanamke wa Rabai, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya shamba, na hakuona haja ya kuipunguza mezani. "We Chengo, kula! Unazitafuna hizo kunde kama unaziuliza maswali." Athumani alimwomba ukoko, naye akamkwangulia sufuria nzima. Nami nilipenda ukoko. Niliupenda sana, lakini sikuwahi kuomba kitu katika nyumba ile, na siku nilipomtazama Mama Dama akimpa mwenzangu kipande cha mwisho aliniona nikitazama, akasema, "Ukoko ni wa mwenye mdomo, mwanangu." Leo najua alinifundisha bure jambo ambalo wengine hulilipia karo. Wakati ule nilisikia tu kwamba hata mpishi amekwishachagua.

Wakati tunakula Athumani aliuliza maswali. Kwa nini chupa nyingine hunuka kama udongo baada ya mvua? Kwa nini mche huu una vinundu vingi vyeupe na ule una vichache vya waridi, na yote miwili imekunywa chupa moja? Mengi hayakuwa na maana, na mengine Daktari alikwishayajibu wiki iliyopita, lakini aliweka kijiko chini na kumjibu upya. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na kitu bora kuliko swali. Nilikuwa nimeng'oa mche wa kunde uliojiotea kando ya ukuta huko Kisauni, kwenye changarawe, bila mtu kuutia maji, ukiwa umebeba vinundu vya waridi kama shanga. Nilivisafisha kwa spiriti, nikavipasua, nikavikuza kwenye sahani za rojo la mwani, nikarudia mpaka nikapata aina moja safi. Bustanini ilishinda aina ya kwanza aliyokuja nayo Daktari kutoka bara. Aliandika kwa mkono wake kwenye chupa: "Ya Chengo". Nilijua nafasi ni yangu. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba maji yaliyochemka yamechemka.

Joto la kaskazi lilikuwa kali mwaka ule, na mabati ya chumba chetu yalitoa milio ya kupasuka tangu asubuhi. Siku moja, kwa mara ya kwanza, Athumani alikuwa amewahi kuliko mimi. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweusi ameinua chupa ya aina ya kwanza, na chupa ilikuwa kama haipo. Aliita bila kugeuka: "Daktari, njoo uone. Watu wamehama." Chupa zote za aina ya kwanza, zilizokuwa nzito jana yake, zilikuwa angavu kama maji ya kisima. Aina yangu ilikuwa salama kwenye meza yangu, imefungwa, haijaguswa, kwa sababu sikumruhusu mtu aiguse. Daktari aliniuliza kama nilichemsha sawasawa. Nilichemsha sawasawa. Tukaanza upya, na baada ya siku chache zikahama tena. Masika yalikaribia, na wakulima walikuwa wameahidiwa.

Kisha chupa moja iliyosahauliwa nyuma ya magunia, nayo ilikuwa imeng'aa kama wenzake, ikaanza kuwa nzito tena yenyewe. Niliichukua niimwage, maana kanuni yetu ilikuwa kwamba chupa iliyoharibika humwagwa. Athumani alinishika mkono.

"Usimwage! Wee, usimwage. Shangazi yangu Likoni anauza mkate wa mofa. Joto likimwulia chachu, haendi kuazima kwa jirani. Anatazama chini ya chungu. Kile kidogo kilichobaki na povu ndicho anachoanzia upya. Anasema chachu iliyonusurika haifi tena."

Kwetu pwani hakuna asiyejua hilo. Nyumba yenye mofa huwa na chachu yake, na chachu iliyopita kwenye taabu huheshimiwa kuliko mpya. Hata mimi, nikiwa na chupa mkononi, niliona ni kweli. Daktari aliitazama mbele ya ukuta, akaitikisa, akasema, "Tuanze na hii." Ilikua kwa kasi. Tuliiweka juani makusudi, haikuhama. Tukaiingiza kwenye chupa zilizohama, nazo zikajaa. Athumani alichukua karai akalipiga, akacheza uani na Mama Dama akapiga vigelegele, na Daktari, mtu wa miaka ile na heshima ile, akapiga makofi kwa mdundo. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeleta aina iliyoshinda zote na hakuna aliyepiga karai.

Wiki ile ile nilikuwa chumbani nikisubiri presha ipoe, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Daktari alizungumza na mtu wa chuo kwa simu. Sikujificha; niliketi pale pale ninapoketi kila siku. "Wote wawili wazuri," alisema. "Huyu Chengo hakosei. Sijapata kuona mikono kama yake. Lakini hashangai. Unaelewa? Kitu kikitokea anakisafisha. Yule mwingine anaita watu waje waone." Akamsikiliza mtu wa upande wa pili. "Ndiyo. Athumani. Andika Athumani."

Nimeishi na neno lile, hashangai, kama mtu anavyoishi na jino bovu. Limenifanya ninunue vitabu vya kiada vilivyotumika, vilivyokatwa kurasa, vya wanafunzi nisiowajua. Limenifanya, katika umri huu, nikae na simu mkononi baada ya kazi nikisoma kuhusu viumbe visivyoonekana. Watu husema najisomea kwa kupenda elimu. Napenda elimu, ndiyo. Lakini kuna siku nyingi ambazo nilifungua kitabu kwa sababu tu niliwaza kwamba saa ile, mahali fulani, Athumani naye amefungua chake.

Alipoondoka, alinikumbatia stendi ya basi akaniambia, "Ndugu yangu, mwakani ni wewe. Nitawaambia." Alisema kweli toka moyoni, na hilo ndilo lililonichoma. Adui angenipumzisha.

Daktari akaniambia nikuze aina mbili pamoja, ile iliyonusurika, tuliyoiita ya Athumani, na yangu, tuzitie kwenye mfuko mmoja. Nilizichanganya. Kufikia kesho yake supu ilikuwa imepungua uzito, na nilipopima kwenye sahani nikakuta ya Athumani peke yake. Yangu ilikuwa imekufa. Nilidhani ni uchafu, nikachemsha kila kitu na kurudia. Ikafa tena. Nilipoikuza peke yake, iliishi. Nilipoiweka na ile iliyonusurika, ilikufa. Nilimwendea Daktari na chupa mbili mkononi, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. "Ya Athumani inaiua yangu," nilisema. "Njoo uone."

Alivua miwani akanitazama kwanza mimi, kisha chupa. Tuliipitisha supu ya Athumani kwenye chujio la udongo, aina ile ya mshumaa inayowekwa kwenye ndoo za maji, ambalo huzuia bakteria. Kilichopita kilikuwa maji matupu kwa macho. Akadondosha tone la maji yale kwenye sahani iliyofunikwa na bakteria wangu, na tone jingine kwenye sahani ya bakteria wa Athumani. Kesho yake sahani yangu ilikuwa na doa angavu, la mviringo, kama kwamba mtu aligusa kwa kidole akafuta uhai. Sahani ya Athumani haikuwa na alama. Daktari aliketi kwenye gunia la makumbi.

"Kirusi," alisema. "Na mimi mjinga nilikisoma hiki nikiwa na umri wako."

Alinieleza pale pale. Virusi vya bakteria vimo udongoni tele, havimdhuru mtu wala kunde. Kirusi hutua juu ya ganda la bakteria na kumdunga, kikimwingizia uzi wake wa jeni. Mara nyingi uzi huo humlazimisha bakteria atengeneze virusi vingine mpaka apasuke, na ndivyo chupa zetu zilivyong'aa. "Lakini kuna njia ya pili," alisema. "Nyinyi watu wa Kisauni mnajua mambo ya hati za viwanja, zinavyoghushiwa. Fikiria mgeni anaingia nyumbani, havunji kitu. Anaichukua hati ya nyumba, anaikata mahali pamoja, anapachika jina lake katikati, anaiunga. Ukiisoma huoni mshono. Mwenye nyumba akizaa, kila mtoto anapewa nakala ya hati, na jina la mgeni limo. Na akishakuwa ndani, anawafungia mlango ndugu zake walio nje. Hawa wa Athumani walinusurika kwa sababu hiyo. Hawakukishinda kirusi. Wamekipa makao."

"Na yangu?"

"Yako haina mtu ndani. Mlango wazi. Katika hawa wa Athumani, kila siku wachache hugeukwa na mgeni wao. Anajichomoa kwenye hati, anajizidisha, anapasua, anatoka. Wenzao hawadhuriki. Wako ndio wanakufa."

Nimesoma mengi tangu siku ile na sikukuta kosa katika maelezo yake. Nimejua kwamba uzi wa kirusi na uzi wa bakteria huwa na kipande kifupi kinachofanana, na hapo ndipo vinapoungana. Kwamba kirusi kilichojipachika hutengeneza protini inayozinyamazisha jeni zake chenyewe na za kila jamaa yake anayejaribu kuingia. Kwamba uzi wa bakteria ukijeruhiwa protini hiyo hulegea na kimya huvunjika. Nimejua pia kwamba udongoni jambo hili ni la kawaida kabisa. Chachu iliyonusurika haifi tena, ni kweli, lakini shangazi yake Athumani hakuwahi kuiweka chungu kimoja na chachu ya jirani.

Siku ile, hata hivyo, sikutaka elimu. Nilitaka nafasi yangu.

"Basi mwandikie arudi," nilisema.

"Arudi kwa nini?"

"Alipewa kwa ajili ya chachu ile. Na chachu ile ni ugonjwa."

"Alipewa kwa sababu aliita watu waje waone. Na kukosea, tulikosea sote. Mimi ndiye niliyesema tuanze nayo."

"Leo ni mimi niliyekuita."

Aliitazama sahani yangu tena. Nje Mama Dama alikuwa akikuna nazi. "Ni kweli," alisema. "Umeniita leo. Lakini nafasi imekwenda, Chengo, na nyingine sijapewa. Na wewe nakuhitaji hapa. Ukiondoka wewe, nani atachemsha?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja kitu bora alicho nacho. Nafasi nyingine haikuja mwaka ule, wala baada yake.

Kisha akaniomba jambo la mwisho. Chuoni kulikuwa na vifaa vya kuutazama uzi wenyewe na kuonyesha mahali kirusi kilipojipachika, na Athumani angefurahi kuwa na kitu cha kuanzia. Nifunge vichupa vya chachu yake, na vya aina yangu pia, vipelekwe kwa basi. Nilifunga mimi mwenyewe, peke yangu chumbani, presha ikiwa bado inafoka mezani. Ningevizamisha kwenye maji yake ya moto kwa muda wa kunywa chai, na asingefika bakteria hata mmoja hai. Hakuna ambaye angejua. Joto la njiani lingelaumiwa. Nilivitazama. Nataka msomaji asinipe sifa isiyo yangu: haukuwa wema ulionizuia, wala sikumwonea Athumani huruma. Wivu ulikuwa umenijaa hadi vidoleni. Ila vidole vyenyewe havikujua kazi nyingine zaidi ya ile viliyoifanya mwaka mzima. Nilipitisha midomo ya vichupa kwenye moto wa spiriti, nikaziba kwa pamba iliyochemshwa, nikafunika kwa nta, nikavizungushia vumbi la makumbi lililoloweshwa kidogo ili lisikauke, livipoze, nikafunga sanduku, nikalipeleka kwenye ofisi ya basi na kumwambia karani aliweke upande usiopata jua. Utafiti uliompa Athumani jina ulianzia kwenye vichupa vile.

Siku chache baadaye simu ililia sebuleni. Nilisikia kicheko cha Daktari, kile kilichomteremsha miwani, kisha akaja mpaka mlango wa uani, mkono ukiwa bado kifuani.

"Vimefika hai, Chengo. Vyote. Athumani anasema haamini, kwa joto hili."

Nilikuwa nimeinamia beseni, na sikugeuka.

"Vingefikaje vimekufa," nilimwambia, "na nimefunga mimi?"